Usiifute Kadi

Kila alipotoka shuleni, Malaika alikula, akabadili sare, kisha akaenda kumsaidia mama yake mdogo, Chadia, katika studio yake ya picha karibu na soko la Kasongo. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na tayari alijua kuchapa picha za paspoti. Siku hiyo alibaki peke yake, kwani Chadia alikuwa ameondoka kwa pikipiki kwenda kupiga picha za harusi huko Wamaza.

Simu ya studio ikalia. Mwanamume mwenye sauti ya upole akasema yeye ni fundi, Chadia amemtuma aisafishe kompyuta kutoka mbali. Malaika hakumuuliza hata jina. Akapakua programu aliyoelekezwa, akamsomea tarakimu zilizotokea kwenye kioo. Mshale ukaanza kutembea wenyewe, ukifungua folda moja baada ya nyingine. Mwanzoni alifurahi kuutazama. Kisha kioo kikawa cheusi, yakabaki maandishi mekundu: picha zote zimefungwa, anayezitaka alipie. Alipoipiga namba ile, haikupatikana tena.

Akaizima mashine, akaiwasha. Maandishi yalikuwa palepale. Alikuwa akiwaza kufunga mlango na kukimbilia nyumbani, ndipo akaingia Papa Faradji, fundi cherehani wa mtaani kwao. Mama yake Faradji alikuwa amefariki, na kesho yake ilikuwa arobaini. Alitaka picha ambayo Chadia alimpiga bibi huyo sikukuu ya Idi, maana familia haikuwa na nyingine.

"Hakuna umeme, Papa," Malaika akasema.

Faradji akaitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu yao. Akavuta kiti, akakaa mlangoni.

"Nitangoja tu, mutoto wangu."

Sasa Malaika hakuwa na pa kupita. Bati lilitoa joto, jasho likamtiririka mgongoni, naye akajifanya anabonyeza vitufe huku amekigeuzia kioo ukutani. Kila Faradji alipokohoa, alishtuka. Hapo ndipo alipokumbuka kadi ya kamera aliyoondoka nayo Chadia. Chadia huifuta inapojaa tu, na picha za Idi zilikuwa bado mle ndani. Lakini leo, kwenye harusi, ingejaa. Akinyamaza ili asigombezwe, uso wa yule bibi ungepotea kabisa. Akisema, Faradji angesikia kila neno.

Akapiga simu. Mtandao ulikataa, ukakataa tena, halafu Chadia akaitika huku nyuma yake ngoma zikilia.

"Mama mudogo, usiifute kadi," Malaika akasema, kisha akaeleza yote, pamoja na uongo wa umeme. Faradji aliinamisha kichwa.

"Nimeanza kufuta," Chadia akasema. "Zile za shule zimekwenda. Za Idi ziko. Mwambie Papa Faradji nitamletea asubuhi."

Harusi aliimalizia kwa kadi ya kuazima. Alfajiri akarudi, akaichapa picha kwa jirani, na wageni wa arobaini walipofika, waliikuta ukutani. Kompyuta yenyewe ilibidi ifutwe yote. Picha za harusi nyingi za watu hazikupatikana tena, na Chadia alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi, Malaika akiwa pembeni yake.

Waliporudi, Chadia akamkalisha.

"Fundi wetu Placide naye huingia kwenye mashine hii akiwa mbali, Kindu," akasema. "Lakini mimi ndiye ninayempigia, kwa namba ninayoijua. Mutu akikupigia yeye na kutaka tarakimu, kata simu, unitafute. Mimi pia nilikosa, kuweka picha za watu mahali pamoja tu. Kuanzia leo kila kazi itakuwa na nakala kwenye diski, na diski hiyo itakaa nyumbani, mbali na kompyuta. Ila ungenyamaza siku ile mpaka nirudi, hata ile kadi ningekuwa nimeimaliza kufuta. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."