Mlango wa Ubavuni

Kila asubuhi kabla ya shule, Mwanapili na Mbeyu walikwenda kuteka maji kisima cha mbali, kwa kuwa kile cha kwao Munje kilikuwa cha chumvi. Mwaka ule wa 1956 Mbeyu hakuwa na hadithi nyingine ila ya babake, fundi Chirau, aliyejenga ukumbi mpya wa baraza la wilaya kule Msambweni.

"Kuta za mawe, paa la vigae," alisema Mbeyu. "Tena baba ameweka mlango wa ubavuni, kina mama waingie kwa stara."

Mwanapili alinuna. Banda la zamani la baraza liliezekwa makuti na babake yeye, na sasa hakuna aliyelitaja. Mbeyu alipotangulia na ndoo yake, Mwanapili akawaambia wanawake waliokuwa kisimani, "Ule mlango wa ubavuni ni wa washitakiwa wanaoletwa mbele ya wazee."

Neno lile likaenea mji mzima.

Siku ya ufunguzi wanaume waliingia kwa mlango wa mbele. Kina mama walisimama nje, wamejitanda leso zao, kisha wakaanza kuondoka. Mmoja wao alikuwa Bi Biasha, mamake Mwanapili, aliyechaguliwa kuliomba baraza kisima cha maji matamu.

"Mama, mbona warudi?"

"Mimi si mshitakiwa, mwanangu. Kisima watakiomba wanaume."

Lakini wanaume hawakuwa wakiteka maji, na Mwanapili alilijua hilo vizuri. Mbeyu alikuwa amesimama karibu, akisikia kila neno. Mwanapili aliona aibu, hata hivyo akasema.

"Mama, nilisema uongo. Nilimwonea Mbeyu wivu. Mlango ule ni wenu."

Bi Biasha alimtazama kwa hasira. "Wafuate wenzangu. Mwambie kila mmoja kwa kinywa hicho hicho."

Akawakimbilia, akilia, akaungama kwa mmoja mmoja. Wakarudi, wakaingia. Bi Biasha alizungumza mpaka wazee wakakubali kisima kichimbwe kabla ya masika.

Baadaye Mwanapili alimwendea fundi Chirau.

"Shikamoo, baba. Nisameheni, wewe na Mbeyu. Niliudhika kwamba hakuna aliyemtaja babangu na banda lake."

"Marahaba. Tumekusamehe," alisema fundi. "Ungesema tu kwamba babako ndiye aliyetuezekea banda miaka yote ile, ningekuwa wa kwanza kukuunga mkono, maana ni kweli. Wewe ukachagua uongo. Ulitaka kutukomoa sisi, mwanangu, ukamfungia mamako mlango."