Plagi Nyeupe

SAA 4.40 ASUBUHI

Kikao kilifunguliwa rasmi na mwenyekiti, Mwandu, kwa kuweka bastola mezani. Ajenda ilikuwa moja. Wajumbe watatu walihudhuria na hakuna aliyetoa udhuru.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la betri, Majengo. Mwandu alipanga visoda mezani, vikawa ramani.

"Hapa ni ofisi ya mnunuzi wa dhahabu. Saa nane kamili mlinzi anakwenda kula. Mimi na Lyamba tunaingia. Dakika nne. Fundi, gari liwe linanguruma mlangoni. Tunapita Sitalike, jioni tuko Kibaoni."

"Mlinzi akiwahi kurudi?" Anicet aliuliza.

Lyamba akacheka. "Atatukuta."

Anicet alikuwa na gereji Makanyagio. Alizaliwa Katumba, akashika spana kabla ya kalamu. Jana mkewe, Jeannine, alimwambia: "Ukienda, usirudi kwangu." Akamjibu kwamba ni mara moja tu. Majambazi wote husema hivyo. Anicet alisema kwa heshima zote.

SAA 5.50

Gari liligoma kabla ya jambazi yeyote.

Lilikuwa kubwa, kuukuu, la kupita porini, limebandikwa namba za uongo. Walilijaribu pale gereji kwa Anicet. Kwenye sailensa, bila kukanyagwa, mlio ulipanda na kushuka kama mtu anayeota homa. Likikanyagwa, linakohoa, linakata pumzi.

"Jana si lilikuwa zima?" Mwandu aliuliza.

"Lilikuwa zima, kaka."

"Basi liwe zima na leo. Una saa mbili."

SAA 6.15 MCHANA

Anicet alifungua plagi ya kwanza. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki. Ya pili, nyeupe. Zote sita.

"Linakula hewa nyingi, mafuta kidogo," alisema.

"Si uongeze mafuta?" Lyamba alishauri.

"Tenki limejaa, mheshimiwa."

Lyamba alipenda kuitwa mheshimiwa. Akaondoka na Mwandu kwenda kununua sigara ng'ambo ya barabara.

Anicet alibaki na injini. Ama mafuta hayafiki, ama hewa inaingia pasipo mlango. Alipima msukumo wa pampu: sawa. Chujio alilifunga mwenyewe Jumapili. Basi ni hewa. Akawasha gari, akachukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta, akaanza kupuliza kidogo kidogo kwenye kila kiungo, sikio likiwa wazi. Mahali penye tundu, injini ingeinywa ile dawa na mlio ungetulia.

Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Alipopuliza chini ya mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, homa ilikata. Gari likanguruma kwa utulivu, sekunde tatu, kisha likaanza kuumwa tena.

Akazima. Akapeleka vidole kwa chini. Mpira haukuchakaa. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, mkato mfupi ulionyooka.

Kisha akaiona klipu.

Klipu inayokaza mpira ule ilikuwa imefunguliwa na kurudishwa, na skrubu yake ikageuziwa juu. Kila fundi wa Mpanda huiacha inapoangukia. Ikiangukia chini, anayekuja kuifungua anaunguza mkono kwenye bomba la moshi. Anicet aliungua miaka sita iliyopita, na aliyempaka dawa ndiye aliyemshikia vifaa tangu siku ile, ndiye pekee aliyefunga klipu zote za gereji hii skrubu juu.

Jeannine alikuja kuliua gari. Hata akiwa analiua, alishindwa kumwunguza mumewe.

Anicet alisimama, kichwa ndani ya boneti. Ng'ambo ya barabara Mwandu alikuwa bado anabishana na muuza sigara. Palikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili: haliponi leo. Kikao kingeahirishwa.

"Vipi, fundi?" Mwandu aliita akivuka.

Anicet alichukua kisu, akakata kile kipande chenye jeraha, akakitia mfukoni. Mpira ulikuwa na urefu wa kutosha. Akauvuta, akaukaza.

"Uzee tu, kaka. Limepona."

SAA 8.06

Mwandu na Lyamba walitoka ofisini mbio na mfuko mmoja. Na nyuma yao akatokea mlinzi, Nyanda, aliyesahau simu yake. Anicet alimfahamu. Mwezi uliopita alimtengenezea pikipiki.

"Oya! Nyie!" Nyanda alipiga kelele.

Lyamba alifyatua bastola mara moja.

"Kanyaga!" Mwandu alisema.

Gari halikukohoa.

SAA 8.40

Kabla ya Sitalike, Mwandu aliomba gari lisimame.

"Mdogo wangu, hebu tazama tairi la nyuma. Nasikia kama limeisha upepo."

Anicet alishuka. Tairi lilikuwa zima. Aliponyanyua kichwa, Lyamba alikuwa ameshika usukani.

Alisimama barabarani akisikiliza kama fundi. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mlio laini, bila kosa, mpaka ukapotelea porini. Polisi walimkuta amekaa pale pale.

KESHO YAKE, SAA 3.00 ASUBUHI

Jeannine alileta uji kituoni. Askari alimwamuru auonje kwanza. Akauonja.

"Uliuona ule mkato?" alimwuliza mumewe.

"Niliuona."

"Ukajua ni mimi?"

"Nilijua."

"Walikushikia bastola?"

Anicet alitazama sakafu. "Hapana. Walikuwa wanavuta sigara."

"Sasa kwa nini, baba Agape? Nilijua ukiuona tu, utanielewa."

Alitafuta jibu. Lililokuwepo lilikuwa moja tu, na alilionea aibu.

"Lilikuwa linatengenezeka," alisema.

Jeannine alifunika bakuli taratibu.

"Nimetoka msibani kwa Nyanda. Mkewe, Upendo, kaniuliza lile gari lilitengenezwa na nani, mbona lilikimbia vile."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia ni mume wangu."

Akamgeukia askari, akasema amemaliza.