Uji wa Siku Tatu

Likizo ya Juni, kazi ya Fortunata ilikuwa moja tu: kumlea mdogo wake Asheri, mtoto wa miezi mitatu. Kila asubuhi pale Makanya, kabla ya kwenda kwenye machimbo ya jasi, mama yao alimnyonyesha mtoto, kisha akakamua maziwa kwenye kikombe safi na kukifunika.

"Akilia, mnyweshe haya kwa kijiko, polepole," alimwambia Fortunata. "Usimpe kitu kingine, hata maji. Saa sita nitakuwa nimerudi."

Jumatatu, Fortunata aliruka kamba mlangoni na Stumai, binti wa jirani. Kamba ikakipiga kikombe, maziwa yote yakamwagika. Asheri alipoanza kulia, Fortunata aliingiwa na hofu. Akachota maji ya dumu, akayapasha moto kidogo, akakoroga uji mwepesi na kumnywesha. Mtoto akalala fofofo.

"Amemaliza maziwa?" mama aliuliza aliporudi.

"Ameyamaliza, mama."

Siku iliyofuata hakuna kilichomwagika. Lakini Fortunata alikumbuka jinsi mtoto alivyolala, yeye na Stumai wakacheza bila kusumbuliwa. Akayamwaga maziwa mwenyewe, akakoroga uji. Jumatano akarudia.

Alhamisi asubuhi Asheri aliharisha maji matupu. Macho yalikuwa yamezama, na akilia, machozi hayatoki. Mama alimkimbiza zahanati, Fortunata nyuma yake.

"Amekula nini?" aliuliza nesi Jenifer.

"Maziwa yangu tu, nesi. Naapa mbele ya Mungu."

Fortunata aliinamisha kichwa. Mama akamweka mtoto kifuani, lakini Asheri alifungua mdomo akashindwa kunyonya. Hapo ndipo Fortunata alipoangua kilio.

"Nilimpa uji! Siku tatu! Maziwa niliyamwaga!"

Mama hakumpiga. Alimtazama tu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Asheri alilazwa siku tisa katika hospitali mjini Same. Alipona, ingawa alirudi amekonda sana. Nafasi ya mama machimboni ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Walipompeleka kliniki, nesi Jenifer alimwita Fortunata kando.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Nisikilize. Tumbo la mtoto wa chini ya miezi sita bado changa. Maziwa ya mama ndiyo chakula chake, ndiyo maji yake, na ndiyo yanayomkinga na magonjwa. Uji wako ulimjaza tumbo, ukamwingizia na uchafu. Lakini kumwaga kikombe kimoja halikuwa kosa kubwa. Ungesema siku ileile, haya yote yasingetokea."

Njiani kurudi nyumbani, jua likiwaka, Fortunata alinyoosha mikono. "Mama, umechoka. Nipe nimbebe."

Mama aliikaza kanga mgongoni.

"Nimekusamehe, mwanangu. Kukuamini ndiko bado. Uongo wako ulikuwa wa siku tatu; mimi sijui nitahitaji siku ngapi."

Akatangulia mbele. Fortunata akamfuata, mikono mitupu.