Gari la Gicheru Halipunguzwi Bei

"Gari hili lilimwagiwa maji kabla ya kupigwa picha," Wachuka alisema kwenye simu.

"Si ni kuoshwa tu, madam?"

"Kuosha ni usafi. Kupiga picha kabla halijakauka ni mbinu. Rangi iliyokufa hung'aa ikiwa na maji, Mzee Thuranira. Tena tazama pengo la mlango wa kushoto. Juu kidole kinapita, chini hakipiti. Gari hilo limewahi kugongwa."

"Tangazo linasema halijawahi."

"Tangazo linasema pia kwamba bei ni milioni mbili na nusu. Mimi ningelipa laki tisa, na ningelipa nikinung'unika."

Wachuka alikuwa mkaguzi wa magari mjini Nyeri. Watu walimtumia matangazo ya mtandaoni, naye akawaambia ni yapi yenye uongo wa kawaida na yapi yenye uongo wa kupindukia. Thuranira, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Meru, alikuwa ametafuta gari la spoti la zamani, la milango miwili, kwa muda mrefu. Hatimaye alikuwa ameliona moja, jekundu, Nanyuki.

"Twende tulione Jumamosi," alisema.

"Tafuta mkaguzi mwingine, mzee. Mwenye gari ni mchumba wangu."



"Basi ni wewe ninayekutaka. Nani mwingine anajua uongo wake?"

Wachuka alikubali, kwa sababu swali hilo alikuwa amelibeba kwa miaka mitatu. Gicheru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Nanyuki, alikuwa ametamka ahadi mbele ya mashahidi wanywao chai: akiuza gari, atawatuma wazee kuposa. Alikuwa amelitangaza mwaka huo huo. Bei haikuwahi kushuka hata shilingi. Wanunuzi walikuja, wakacheka, wakaenda zao, na Wachuka akabaki akiwaeleza shangazi zake kwamba soko la magari ni gumu.

Jioni hiyo alimwandikia Gicheru: "Kuna mtu wa Meru analitaka gari. Punguza bei."

Jibu likaja upesi: "Bei ndiyo hiyo mpenzi. Nikipunguza, harusi yetu itakuwa ya chai na mandazi."

"Mandazi nayapenda," aliandika Wachuka.



Jumamosi Gicheru alifungua geti la nyuma ya duka, akamwona mnunuzi, kisha akamwona aliyefuatana naye.

"Wachu? Hukuniambia unakuja."

"Hukuuliza. Leo niko kazini."

Alitoa sumaku mfukoni, akaipitisha juu ya bodi. Chini ya mlango wa kushoto ikateleza na kuanguka.

"Hapa hakuna chuma, mzee. Ni pati tupu ya kuzibia, imepakwa rangi. Raba ya kanyagio la breki imelika kabisa, na kipimo cha kilomita kinadai gari limetembea kidogo. Mguu na kipimo haviafikiani. Mimi huamini mguu."

Gicheru alitabasamu kwa namna ya mtu ambaye mambo yanamwendea vizuri. "Si unasikia, mzee? Hata fundi wako hataki. Pole kwa safari."

"Nimesikia," alisema Thuranira. "Nitalilipia."

"Ngapi?"

"Hiyo uliyoandika. Nimetafuta sana, na mengine yote niliyoona yameliwa na kutu hadi kwenye viti. Nina miaka sabini, kijana wangu. Sina muda wa kupatana."

Wachuka alimtazama Gicheru. Alitarajia kuona furaha, au angalau mshangao. Alichokiona ni hofu ya mtu aliyeombwa figo.

"Mzee, ngoja nikwambie ukweli," Gicheru alisema. "Injini si yake. Niliweka ya pikapu."

"Itatembea?"

"Itatembea. Lakini gia ya tatu inaruka."

"Nitatumia ya pili na ya nne."

"Na iligongwa. Naro Moru, na lori ya mawe."

"Fundi ameniambia. Nitalipa."

"Bei imepanda. Ni milioni tatu."

"Sawa. Tatu."

Gicheru aliegemea gari. Mkono wake ulikuwa juu ya paa, ukilipapasa polepole.

"Leo ni Jumamosi," alisema. "Karatasi haziwezi kutoka leo. Wacha nifikirie."

"Gicheru," Wachuka alisema, "kwa miaka mitatu nimewaambia watu wetu kwamba wanunuzi hawapatikani. Huyu amepatikana mara mbili kwa dakika moja."

"Ati mnanivamia kwangu na mnataka niuze na haraka? Hii gari nimeijenga na mikono yangu."

"Na mimi umenijenga na nini?"

Gicheru akavuta turubai, akaanza kulifunika gari. Thuranira, kwa adabu ya wazee, alikwenda kuangalia misumari dukani.

Siku kadhaa baadaye ujumbe uliingia: "Nimeuza. Nisamehe kwa ile siku. Wazee wanakuja kwenu."

Wachuka aliusoma mara nyingi kama anavyosoma matangazo, akitafuta pengo. Halafu akaona aibu, akaamua kuamini. Ni uamuzi ambao watu werevu huufanya wakiwa wamechoka.

Wazee walifika pamoja na Gicheru huko Ihururu, nyumbani kwa Mzee Ngatia, baba yake Wachuka. Msemaji alikuwa Gikonyo, baba mdogo wa Gicheru. Nyuma yao waliketi wanawake, miongoni mwao Ngendo, mke wa kaka yake Gicheru. Kreti za soda walizoleta wageni zilipangwa katikati ya sebule, kwa kuwa familia zote mbili zilikuwa za kanisa na pombe ya asali ilikuwa imeachiwa mababu. Desturi yenyewe haikuwa imebadilika: kinywaji hakiguswi kabla binti hajaulizwa kama anakubali kuolewa.

Mzee Ngatia alishika kifungulio cha soda.

"Mami, hawa wageni unawajua. Tunywe?"

"Baba, niruhusu niulize jambo moja kwanza. Gicheru, gari ulimuuzia nani?"

"Mtu wa Nairobi. Alikuja akalichukua."

"Ati Nairobi?" Ngendo aliuliza kwa uchangamfu wa mtu anayetaka kusaidia. "Si liko kwetu Endarasha, chini ya turubai? Hata nilikuwa nataka kukuuliza, shemeji, litakaa mpaka lini. Kuku zangu wanataga kwa kiti ya nyuma."

"Ngendo," Gicheru alimkatiza.

"Nini? Si ulisema ni siku mbili?"

Mzee Gikonyo aliikagua kofia yake kana kwamba anakusudia kuinunua.

"Nilikuwa nitakwambia baada ya harusi," Gicheru alisema.

"Sikuwahi kukuomba uuze," Wachuka alijibu. Sauti yake haikupanda. "Ningeolewa na mtu mwenye gari bovu, na ningelisukuma asubuhi likikataa kuwaka. Sharti uliliweka wewe. Ukaniacha nihesabiwe miaka na shangazi zangu, na leo umewaleta wazee wako waseme uongo bila wao kujua."

Akamgeukia baba yake.

"Msinywe, Baba."

Mzee Ngatia hakumuuliza mara ya pili. Alikitia kifungulio mfukoni, akasimama, akawashika wageni mikono mmoja mmoja, na mkono wa Ngendo akaushika kwa mikono miwili.

Wanaume walibeba kreti hadi barabarani. Huko, akisubiri pikapu igeuzwe, Mzee Gikonyo aliuliza swali ambalo lilikuwa likimkera tangu sebuleni.

"Kwani hiyo gari ulikuwa unauza pesa ngapi?"

Gicheru akamtajia.

"Lakini kijana, kwa hiyo bei hakuna mtu angenunua."

"Najua," alisema Gicheru.