Daftari Lenye Mapafu Mazuri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Filimbi alifagia sufi. Sufi haifagiliki kama mchanga. Ukiisukuma huku inarukia kule, na ukipiga chafya moja tu, kazi yote inaanza upya. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana ya magodoro. Babu yake alikaa sakafuni akichapa sufi kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ivimbe, mama yake alikaa kwenye cherehani karibu na dirisha akishona mifuko ya kuitia, na vumbi jeupe lilielea katikati yao, halina haraka ya kwenda popote.

Jina la Filimbi alilipata shuleni. Siku moja mwalimu wa michezo alipoteza filimbi yake, akamwomba yeye apige mluzi kuanzisha mpira. Aliupiga. Timu zote mbili zilisimama wima, na mtu aliyekuwa akipita barabarani na baiskeli alishuka, akanyoosha mikono juu. Hivyo ndivyo Babu alivyosimulia, ingawa Babu hakuwepo.

Babu alikuwa fundi magodoro kwa miaka arobaini na minne, na fundi wa maneno kwa miaka mingi zaidi. Wateja wake wote walijua kisa cha godoro alilowahi kulishona, laini mno, hata mwizi aliyekuja kuliiba akasema ngoja nilijaribu kidogo. Asubuhi alikutwa anakoroma. Polisi waliokuja kumkamata walianza kupiga miayo mlangoni.

"Mmoja wao alistaafu palepale," Babu humalizia.

Siku za karibuni hakuwa akifika huko. Zamani kisa kizima kilitoka kwa pumzi moja. Sasa alisimama kwenye mwizi ili akohoe, akasimama tena kwenye polisi, mkono kifuani, midomo imegeuka rangi. Alipokuwa tayari kuendelea, mteja alikwisha kwenda zake.

Mama alimpeleka hospitali kubwa, na Filimbi akaenda nao. Daktari wa moyo alikuwa mama mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi ili isidondoke.

"Mzee, una shida mbili, na hazipatani," alisema. "Ya kwanza ni moyo. Moyo una milango midogo, tunaiita vali. Mmoja wa kwako umekakamaa. Damu inapita kwa kujibana, kama watu kwenye mlango uliofunguka nusu. Lazima tuubadilishe, na hiyo ni kazi ya kupasua kifua. Shida ya pili ni mapafu. Yamekula vumbi la sufi miaka arobaini. Wakati wa upasuaji mashine itakupumulia, lakini mashine si mke wako. Siku chache tu, kisha lazima muachane. Mapafu dhaifu hukataa talaka."

"Na yakikataa?" Mama aliuliza.

"Hapo ndipo tunapompoteza mgonjwa." Daktari alisema hivyo kwa sauti ileile aliyoitumia kuomba kalamu.

Alimpa Babu bomba dogo la plastiki. Unajaza kifua hewa, unapuliza mara moja kwa nguvu zote, na kishale kinapanda kuonyesha pumzi zako. Babu alipuliza. Kishale kilifika mia moja na hamsini, kikachoka pamoja naye. Akapewa dawa ya kuvuta mdomoni, mazoezi ya kupumua asubuhi na jioni, na amri ya kukaa mbali na vumbi lolote. Baada ya wiki sita arudi na daftari lenye vipimo vya kila siku.

"Sitaki miujiza," daktari alisema. "Nataka ukweli wako tu, nijue nikuandae vipi."

Filimbi alikuwa na mwandiko mzuri, basi daftari likawa lake.

Siku ya kwanza aliandika mia moja na hamsini. Siku ya pili, mia moja na arobaini na tano. Siku ya tatu Babu alipuliza, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akalitupa bomba kwenye rundo la sufi.

"Chombo hiki kina kinyongo na mimi," alisema. "Hebu puliza wewe, tuone kama ni kizima."

Filimbi alipuliza. Kishale kiliruka hadi mia tatu na kumi. Babu alikitazama kama mtu anavyomtazama jirani aliyenunua gari.

"Andika."

"Lakini hizi ni pumzi zangu, Babu."

"Zako umezipata wapi? Si kwa mama yako? Na mama yako alizipata wapi? Si kwangu? Mimi ndiye mwenye kiwanda. Andika." Kisha akatafakari. "Lakini si mia tatu leo, watashtuka. Uongo ni kama mtoto, kwanza hutambaa, kisha husimama. Leo puliza kiuvivu, ufike mia moja na sitini."

Filimbi alicheka, kwa kuwa Babu alitaka acheke. Lakini macho ya Babu hayakucheka.

"Mjukuu wangu," alisema polepole, "wakiona pumzi fupi watanirudisha nyumbani nikae nikisubiri. Ninajua kinachosubiriwa. Bora wanipasue."

Basi Filimbi alipuliza kiuvivu. Kila siku alipunguza uvivu kidogo, na daftari likapanda kama ngazi: mia moja na sabini, mia moja na tisini, mia mbili na ishirini. Babu aliacha mazoezi, maana daftari lilikuwa likiyafanya kwa niaba yake. Mama akitoka kupeleka mifuko kwa wateja, fimbo za sufi zilisikika tena. "Kidogo tu," Babu alisema, "zisije zikanisahau."

Siri ilielea moyoni mwa Filimbi kama lile vumbi. Wiki ya sita alimweleza rafiki yake wa dawati moja, mvulana aliyeitwa Kifutio kwa sababu hakuwahi kuwa nacho.

"Kwa hiyo unapuliza wewe, anaandikwa yeye?" Kifutio aliuliza.

"Ndiyo."

"Siku ya kupasuliwa, anapasuliwa nani?"

"Yeye, bila shaka. Swali gani hilo!"

"Na mashine ikiondolewa, anapumua nani?"

Filimbi alichukua kifutio chake, akafuta neno ambalo halikuwa na kosa.

Jioni hiyo alimwambia Babu kwamba hataki tena. Babu alikuwa ameketi kwenye godoro lisilo na mfuko, nywele zimejaa sufi.

"Zimebaki siku nne," alisema. "Kisa hakiachwi mwizi akiwa bado usingizini. Nisaidie nikimalize."

Akamsaidia. Usiku wa kuamkia safari, daftari lilisema mia tatu na tano.

Hospitalini, daktari alilifungua daftari, akapandisha miwani. Kila ukurasa ulimfurahisha kuliko uliotangulia. "Haya ni mabadiliko makubwa, mzee," alisema. "Hebu tupime na hapa." Babu alikuwa amekula mayai mawili kwa ajili ya saa hiyo. Alisimama, akajaza kifua, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikatokeza.

Mia moja na arobaini.

Alirudia. Mia moja na thelathini na tano.

Uso wa daktari ulibadilika. "Jana jioni mia tatu na tano, leo hii? Mzee, kifua kinakuuma? Miguu imevimba?"

"Ni ngazi zenu tu, daktari," Babu alisema huku akihema. "Mnajenga hospitali kama mnaelekea mbinguni, kisha mnatuuliza kwa nini tunafika mapema."

Daktari hakucheka. Alimgeukia nesi. "Pumzi zimeporomoka zaidi ya nusu kwa siku moja. Huenda damu imeganda, donge limekwama kwenye mapafu. Tumwandae kwa kipimo cha picha, lakini tusisubiri majibu. Tuanze sindano ya kuzuia damu isigande, sasa hivi."

Mama alishika ukingo wa kitanda. Nesi alichana pakiti ya sindano. Babu alikuwa amelazwa chali, akamkonyeza Filimbi, kisha akaweka kidole kimoja midomoni.

"Dada nesi," Filimbi aliuliza, "sindano hiyo akidungwa mtu asiye na donge, inakuwaje?"

"Inaweza kumvujisha damu ndani kwa ndani. Ndiyo maana hatuigawi ovyo. Sogea kidogo, mwanangu."

Filimbi hakusogea. Alimtazama Babu. Kidole bado kilikuwa midomoni.

"Daktari," alisema, "Babu hajaporomoka. Hakuwahi kupanda."

Filimbi alieleza yote, tangu bomba lilipotupwa kwenye sufi. Alipomaliza, daktari hakumkemea wala hakumsifu. Alimkabidhi bomba lingine safi.

"Puliza."

Mia tatu na kumi.

Daktari alimwambia nesi aiweke kando sindano, akalifunga daftari. "Daftari hili lina mapafu mazuri sana," alisema. "Lingekuwa ndilo mgonjwa, ningelipasua leo mchana. Wewe, mzee, rudi nyumbani. Anza upya, wiki nane."

Njiani Mama alisema, "Baba, ulitaka utuachie daftari tulitundike ukutani?" Babu alimgeukia Filimbi.

"Umenifungia mlango," alisema.

Siku nne Babu hakusema naye. Kwa mtu kama yule, huo nao ulikuwa ugonjwa. Siku ya tano alitokea uani, ambako Filimbi alikuwa akifua sare yake.

"Daftari liko wapi?"

"Nimechana kurasa za uongo."

"Zimebaki ngapi?"

"Mbili."

"Ni nzuri?"

"Mbaya sana. Lakini ni zako."

Babu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitazama mikono yake, iliyokuwa imekakamaa kwa miaka ya kushika sindano ndefu ya magodoro. "Niliogopa, mjukuu wangu," alisema. "Mtu mzima akiogopa hutunga visa. Lete hicho chenye kinyongo."

Safari hii Mama alihamisha sufi yote ikapelekwa kwenye banda la fundi mwenzao, mtaa wa pili, na zile fimbo mbili akazifungia kabatini. Babu alivuta dawa yake kwa saa zake. Alipuliza maputo. Alitembea mpaka nguzo ya kwanza ya umeme, kisha ya pili, na kila nguzo aliiegemea akidai kwamba anaipima kama imesimama sawa. Kishale kilifika mia moja na hamsini, kikakaa hapo wiki nzima. Kikafika mia moja na sabini. Mafua yakakirudisha nyuma. Wiki ya nane kilisoma mia moja na tisini na tano.

"Ongeza tano tu," Babu alibembeleza. "Mia mbili inapendeza. Nani atajua?"

"Nesi wa sindano."

Babu alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akacheka tena.

Daktari alisoma daftari jipya lenye kupanda na kushuka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hatari bado ipo, sitaificha. Katika wagonjwa kumi wa aina yako, mmoja au wawili hawarudi nyumbani. Wiki nane zilizopita ingekuwa mbaya zaidi. Lakini sasa ninamjua ninayempasua."

Upasuaji ulichukua saa sita. Mama alibeba mfuko wa godoro ili aushone kwa mkono akisubiri, na walipokuja kuambiwa kwamba vali mpya imekaa vizuri, alikuta ameushona pande zote nne, hauna tena mahali pa kutilia sufi. Siku ya kwanza mashine ilimpumulia Babu. Siku ya pili waliipunguza kidogo kidogo. Filimbi alisimama nyuma ya kioo, na kila kifua cha Babu kilipoinuka, naye alivuta pumzi, kana kwamba ingesaidia. Siku ya tatu mashine ilichomolewa. Kifua kilitulia. Kisha kikainuka chenyewe.

Siku ya tisa Babu aliketi kitandani, sauti yake nyembamba kama uzi. Daktari alikuja na bomba.

"Nikwambie jambo, mzee," alisema. "Siku ya kwanza mashine ilionekana tayari kukuacha. Ningeamini lile daftari la kwanza, ningeichomoa saa hiyo hiyo, na leo tusingekuwa tunazungumza. Niliongeza siku mbili kwa sababu nilijua mapafu yako halisi." Akamgeukia Filimbi. "Na wewe, kumbuka hili hata ukiwa mkubwa. Daktari humtibu yule anayeelezwa habari zake. Ukimdanganya, atamtibu mtu mwingine ambaye hayupo, na wewe uliyepo utabaki na ugonjwa wako. Kumpenda mgonjwa si kumsaidia kuficha. Ulichelewa kusema, hilo ni kosa. Lakini ulisema, na ndiyo maana babu yako yuko hapa."

"Ndiyo, daktari," Filimbi alisema.

Babu alijaza kifua, akapuliza. Kishale kilipanda kwa shida, kikasimama.

"Andika," alinong'ona. "Mia moja na ishirini."

Filimbi alikisogelea kishale, akakitazama vizuri. "Ni mia moja na kumi na tano, Babu."

Babu alijilaza taratibu kwenye godoro la hospitali, ambalo tayari alikuwa amewaambia manesi kwamba limeshonwa na mtu asiyependa watu.

"Basi andika hiyo," alisema. "Hizo tano zilizobaki tutazitafuta kesho."