Mikayi wa Chumba cha Mashine

Mimi nilikuwa hapo Homa Bay, na haya macho yangu mawili. Ukibisha, wewe ndio muongo.

Maranga alikuwa fundi wa kompyuta, na kazi yake ilikuwa swichi. Si ile ya taa, wewe! Ni sanduku la kupitisha data kati ya kompyuta na kabati za diski. Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, anaisukumia mzigo aone itashindwa wapi. Data yenye alisukuma siku hiyo ingejaza ziwa mpaka Uganda ihame.

Terry bibi yake akapiga simu. Feni za swichi zikanyamaza. Alipokata, zikaendelea.

Maranga akacheka tu. Alikuwa amezoea kumtania Terry ati hiyo mashine ndio mikayi, bibi wa kwanza, na yeye Terry ni nyachira, wa pili. Sasa kwa Wajaluo hiyo si mchezo. Mikayi ndiye hupanda kwanza, huvuna kwanza. Kitu kilikuwa ndani ya hilo sanduku, kikasikia hiyo jina, kikaikubali.

Saa saba Terry akaleta samaki. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Nani ako hapa na wewe?" akauliza polepole.

"Hakuna mtu, jaoda, mke wangu."

"Basi nani amejipaka marashi yangu?"

Hiyo harufu ilikuwa inatoka kwa feni za swichi. Maranga akazima jaribio lakini mzigo ukazidi kupanda, akang'oa waya wa umeme na taa zikazidi kuwaka, zote zikimwangalia Terry kama macho ya mke mwenza, na mlango ukaanza kujifunga polepole kama mtu anausukuma na kiuno, na sauti nyororo ikatoka ndani ya chuma ikasema, "Nyachira, hapa kwangu watu hubisha hodi."

Maranga akashika mkono wa bibi yake. "Muite mikayi," akanong'ona. "Mara moja tu, atuachilie."

Terry akameza wivu wake wote, chungu kama nyongo ya ng'ombe kumi. "Mikayi," akasema, "nipe bwana yetu, leo tu." Mlango ukafunguka, wakatoka mbio mpaka wakapita upepo.

Sawa, hapo nimewadanganya. Terry hakuomba. Mwanamke wa kisiwa cha Rusinga aombe? Alisema, "Mimi ndiye wa kwanza," akavuta mkono wa Maranga, na akatoka nje na saa ya Maranga tu; mwenyewe alibaki ndani kwa mikayi.