Chura Mwenye Mkia

Zama za Sayyid Barghash, kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Mardhiya alifagia ua wa nyumba yao mjini Bagamoyo. Bimdogo, mtumishi wao, naye alibadilisha maji katika bakuli la kioo la Mzungu aliyepanga orofani. Humo aliishi mnyama wa kahawia mwenye miguu minne na mkia, aliyeletwa kutoka Ulaya.

"Usimguse," Bimdogo alimwonya. "Huyu si mjusi. Bwana anasema ni wa ukoo wa chura, ila yeye hata akikua mkia haumtoki."

"Chura mwenye mkia!" Mardhiya alicheka. "Umedanganywa, nawe ukadanganyika."

Siku hiyo mwalimu aliwakumbusha kwamba anayemuua mjusi kafiri kwa pigo moja hupata thawabu nyingi. Mardhiya aliporudi alimkuta yule mnyama ametoka bakulini, anatambaa sakafuni. Hakufikiri mara mbili. Alivua kiatu chake cha mti akampiga. Alipoinama kumtazama, aliona ngozi laini yenye unyevu, isiyo na gamba hata moja. Akatoka mbio.

Mzungu alipomkuta mnyama wake amekufa, alifoka nyumba nzima ikasikia. Mama yake Mardhiya, Bi Mwanajuma, akamgeukia Bimdogo.

"Bakuli hilo unalishika wewe!"

"Wallahi, bibi, sijui lolote," Bimdogo alijibu, akamtazama Mardhiya. Mardhiya akatazama chini. Kabla ya adhuhuri Bimdogo alifukuzwa, akaenda na furushi lake kwa shangazi yake katika kijiji cha Kaole.

Kesho yake Mardhiya akalia: "Mama, ni mimi. Nilidhani ni mjusi kafiri."

Bi Mwanajuma alimweleza Mzungu ukweli, kisha akamshika bintiye mkono hadi Kaole. Bimdogo alikuwa akitwanga na majirani.

"Nimekudhulumu, Bimdogo," Bi Mwanajuma alisema mbele ya wote. "Huna kosa. Rudi nyumbani."

Bimdogo hakuuweka mchi chini. "Ahsante kwa kunisafisha, bibi. Lakini sirudi. Kesho kikiharibika kingine, mtamtazama nani?"

Njiani mama alisema: "Yule mnyama ulimuua kwa kudhani ni mjusi kafiri, mwanangu. Lakini ulijua Bimdogo hana hatia, ukanyamaza. Nami nilimfukuza bila kuuliza. Ukweli sema pale pale unapohitajika. Ukichelewa, wengine wameshaumia."

Mardhiya alilia hadi mjini, na mama yake hakumbembeleza.